Ghasia za kisiasa zinavyofuta urithi wa jamii: Funzo kutoka Kipsongo na Mlima Elgon

MGENI anayefika Kitale huambiwa upesi mambo mawili kuhusu mtaa wa Kipsongo: kwamba ni makao ya maskini, na kwamba wengi wa waliouanzisha ni Waturkana. Ni nadra kuambiwa jambo la tatu, ingawa lilikuwa likionekana kwa macho. Kwa miongo mingi vibanda vya mtaa huo vilijengwa kwa fito zilizochomekwa ardhini, zikapindwa na kufungwa pamoja juu, hadi kibanda kikawa na umbo la bakuli lililofunikwa. Hilo ni umbo la akai, nyumba ya Mturkana ambayo kwa desturi hujengwa na mwanamke.

Katika nyanda kame za Turkana, fito hizo hufunikwa kwa majani ya mkoma na ngozi za mifugo. Kipsongo hakuna mikoma, na mifugo ambayo ingetoa ngozi iliporwa au ilikufa kwa kiangazi. Kina mama wakatumia karatasi za plastiki, magunia na maboksi waliyookota mjini. Vifaa vilibadilika, lakini ujuzi ukabaki mikononi.

Mfano huo unaleta swali linalozihusu nchi nyingi za Afrika. Nchi inapoingia katika misukosuko ya kisiasa, ni kitu gani hasa hupotea, na ni nani wa kukilinda? Jibu la kawaida hutaja majumba ya makumbusho, magofu na sanamu. Hata hivyo, historia ya eneo linaloanzia Kitale, katika Kaunti ya Trans Nzoia, hadi Bungoma na miteremko ya Mlima Elgon yaonyesha kwamba sehemu kubwa ya urithi huishi ndani ya watu na katika mahali wanapokaa. Watu wakifukuzwa, urithi nao huondoka, na mara nyingi haurudi.

Urithi ni nini?

Wataalamu huugawa urithi wa utamaduni katika mafungu mawili. La kwanza ni urithi unaoshikika: majengo, ngome, mapango, vyombo, silaha na nyaraka. La pili ni urithi usioshikika: lugha, ngoma, masimulizi, sherehe, tiba na ufundi. Shirika la UNESCO lilipitisha mkataba wa kulinda fungu la kwanza mwaka 1972, na wa kulinda fungu la pili mwaka 2003. Kenya iliridhia mkataba wa kwanza mwaka 1991 na wa pili mwaka 2007.

Mafungu hayo mawili hutegemeana. Litungu, ala ya Wabukusu yenye nyuzi 7, yaweza kuwekwa katika kabati la vioo na kudumu miaka mia. Lakini pasipo mtu anayejua kuipiga, wala mtu anayejua ni tungo gani huimbwa katika hafla ipi, ala hiyo hubaki kuwa mbao na nyuzi tu. Vivyo hivyo ekicholong, kigoda kidogo cha mbao ambacho mwanamume wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilazia kichwa apumzikapo, huwa na maana pale tu mwenyewe anapokuwepo pamoja na maisha yake ya ufugaji.

Kuna urithi mwingine usioweza kuwekwa kabatini kabisa. Wanaume wa Kiturkana hugawanyika katika makundi mawili, Mawe na Chui. Mtoto wa kiume huingia katika kundi lisilo la babake: baba akiwa Jiwe, mwana huwa Chui, naye mjukuu hurudi kuwa Jiwe. Mpango huo huamua nani aketi na nani katika karamu, na nani asimame upande wa nani. Kijana aliyezaliwa mjini, mbali na wazee na mbali na sherehe, anaweza kuupoteza mpango huo wote bila hata kujua kwamba ulikuwa wake.

Bunduki kutoka ng'ambo ya mpaka

Baadhi ya Waturkana walikuwa Trans Nzoia tangu enzi za walowezi, wakifanya kazi za kibarua mashambani. Wengi zaidi walifika baadaye, katika miaka ya 1970 na 1980, wakisukumwa na njaa na wizi wa mifugo. Sehemu ya chanzo cha safari yao ilikuwa siasa za nchi nyingine.

Aprili 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka nchini Uganda, wanajeshi walikimbia kambi ya Moroto huko Karamoja na kuacha ghala lao la silaha. Wafugaji wa eneo hilo wakajitwalia bunduki na risasi. Uvamizi wa mifugo kati ya Wakaramoja, Wapokot na Waturkana, ambao hapo awali ulikuwa na mipaka yake, ukageuka kuwa wa mauaji makubwa. Wakati huo huo ukame ulikumba kaskazini mwa Kenya, nayo magonjwa yakafagia mifugo iliyosalia. Familia zilizofilisika zikakimbilia kambi za chakula, na nyingine zikaelekea kusini hadi Kitale.

Kwa hiyo kuanguka kwa serikali moja mjini Kampala kulibadili maisha ya utamaduni wa watu waliokuwa mamia ya kilomita mbali, katika nchi nyingine. Hakuna aliyechoma jumba la makumbusho huko Turkana. Hata hivyo, mfugaji aliyepoteza ng'ombe wake alipoteza pia mahari ya wanawe, nyimbo za kumsifu fahali wake, na hadhira ya kuimbiwa.

Miaka ya moto

Eneo lenyewe la Trans Nzoia lilikuwa na majeraha yake. Serikali ya kikoloni ilizitenga ardhi hizo kwa walowezi wa Kizungu, na Wasabaot na Wapokot waliokuwa wakizilisha mifugo yao wakasukumwa pembeni. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, mashamba mengi yalinunuliwa na watu kutoka jamii mbalimbali. Madai ya zamani hayakutatuliwa, na wanasiasa wakajifunza kuyachochea kila uchaguzi ulipokaribia.

Mwishoni mwa mwaka 1991, Kenya iliporejea katika mfumo wa vyama vingi, ghasia zilizoanzia Rift Valley zilienea hadi Trans Nzoia na Mlima Elgon. Nyumba ziliteketezwa na familia zikatawanyika. Ghasia hizo zilichunguzwa na kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku mwaka 1992, na baadaye na tume ya Jaji Akilano Akiwumi, iliyokamilisha kazi yake mwaka 1999.

Kuanzia mwaka 2006, mzozo wa ugawaji wa ardhi katika mpango wa makazi wa Chepyuk, Mlima Elgon, ulizaa kundi lenye silaha lililojiita Sabaot Land Defence Force, SLDF. Mashirika ya kutetea haki za binadamu yalisema kundi hilo liliua watu zaidi ya 600. Makumi ya maelfu walihama makwao. Machi 2008 serikali ilituma jeshi katika Operesheni Okoa Maisha, na wanajeshi nao wakalaumiwa kwa kuwatesa raia, madai ambayo serikali iliyakanusha.

Katikati ya mkasa huo zikaja ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Kwa mujibu wa tume ya Jaji Philip Waki, watu 1,133 waliuawa kote nchini. Mjini Kitale, uwanja wa maonyesho ya kilimo uligeuzwa kuwa kambi ya wakimbizi wa ndani.

Njia nne za kupotea

Ukifuatilia miaka hiyo, utaona kwamba ghasia hufuta urithi kwa njia nne.

Ya kwanza ni moto. Nyumba ikichomwa, watu huhesabu mabati, mahindi na ng'ombe. Hakuna fomu ya fidia inayouliza kuhusu kibuyu alichorithi nyanya kutoka kwa mamake, picha za ukoo, au namwima, kile kibanda kidogo ambamo familia ya Kibukusu hutolea sadaka kwa wazee waliotangulia.

Ya pili ni uhamisho. Miongoni mwa Wabukusu, mzee mwenye hadhi akifariki, siku chache baada ya maziko huitwa msemaji maalumu wa kumuse. Msemaji huyo husimama mbele ya umati, akatembea huku na huko akisimulia historia ya ukoo, akawafariji waliofiwa, akawaonya wakorofi na kuwapatanisha waliokosana. Hafla hiyo huhitaji boma, ukoo uliokusanyika na kaburi la mzee. Mzee akifia kambini na kuzikwa ugenini kwa haraka, jamii hupoteza mtu, na pia hupoteza somo la historia ambalo kifo chake kingeleta.

Ya tatu ni wizi na uuzaji. Vita huleta wanunuzi. Mwenye njaa huuza alicho nacho, na kitu cha jadi ni rahisi kubeba. Mifano ya zamani yaonyesha ugumu wa kurudisha kilichoondoka. Oktoba 1905 afisa wa Uingereza, Richard Meinertzhagen, alimuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, na fimbo zake za uongozi zikachukuliwa hadi Uingereza. Zilirudishwa mwaka 2006, yaani miaka 101 baadaye. Watoto, wajukuu na vitukuu walikuwa wameishi na kufa bila kuziona.

Njia ya nne ni ukimya. Serikali inayoogopa huweza kuipiga marufuku desturi yenyewe, na wenyeji wakaogopa hata kuisimulia.

Ngome ya Chetambe

Mfano wa ukimya wa aina hiyo uko Bungoma. Juu ya mji wa Webuye kuna vilima vya Chetambe, ambapo mwaka 1895 Wabukusu walijikinga ndani ya ngome ya udongo yenye handaki na kupigana na kikosi cha Waingereza kilichoongozwa na Charles Hobley. Walishindwa, na wengi waliuawa, lakini jina la mahali hapo likabaki katika masimulizi.

Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwakusanya maelfu ya wafuasi wake Chetambe kuwakumbuka waliokufa mwaka 1895. Kwake ngome hiyo ilikuwa ushahidi kwamba wakoloni waliwahi kupingwa na wangeweza kupingwa tena. Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi huko Malakisi na kuua watu 11. Serikali ya kikoloni ikaipiga marufuku dini hiyo, naye Masinde akafungwa na kuhamishiwa mbali na kwao. Serikali ya Kenya huru nayo iliipiga marufuku tena mwaka 1968. Masinde alifariki mwaka 1987.

Mtu anaweza kukubaliana na Masinde au kumkataa. Hata hivyo, tukio hilo lafafanua kwa nini watawala na wapinzani wao hugombania mahali pa kumbukumbu. Anayeshika simulizi la ngome hushika pia jibu la swali la nani mwenye haki leo. Ndiyo maana mahali kama Chetambe panahitaji ulinzi wa kisheria na simulizi lililoandikwa kwa uaminifu kabla siasa hazijapata moto, maana wakati wa ghasia kila upande huleta simulizi lake.

Mlima mmoja, marika yale yale

Labda hasara kubwa kuliko zote ni ile inayowagusa majirani kwa pamoja. Wakati wa machafuko, Wabukusu na Wasabaot waliambiwa kwamba ni watu wa asili tofauti wasioweza kuishi pamoja. Urithi wao wenyewe unasimulia mambo mengine.

Kwa mujibu wa masimulizi ya Wabukusu, tohara yao ilifufuliwa na shujaa aitwaye Mango. Joka lililoishi pangoni lilikuwa likiua watu, wakiwemo watoto wake. Mango aliliendea pangoni na kulikata kichwa, na kwa ushujaa huo akatahiriwa kwa desturi ya Barwa, jina ambalo Wabukusu huwaita majirani zao Wakalenjin, wakiwemo Wasabaot. Tangu hapo, wasema wazee, Wabukusu wamekuwa wakitahiri. Hadi leo tohara hiyo hufanyika hasa mwezi Agosti wa miaka inayogawika kwa mbili, kama wafanyavyo ndugu zao Wagisu ng'ambo ya mpaka nchini Uganda.

Ushahidi mwingine umo katika majina ya marika. Wabukusu wana marika 8 yanayozunguka kwa zamu, na miongoni mwake ni Bakolongolo, Bakikwameti, Bakinyikeu, Banyange, Bamaina, Bachuma na Basawa. Wakalenjin wana Korongoro, Kipkoimet, Kimnyige, Nyongi, Maina, Chumo na Sawe. Si lazima mtu awe msomi wa lugha ili asikie kwamba majina hayo yametoka chemchemi moja.

Jamii mbili zilizopigania ardhi zimekuwa zikiwapa vijana wao majina yale yale kwa vizazi vingi. Mzee anayejua hayo ana hoja nzito ya kumjibu mchochezi. Akifa kabla hajamsimulia yeyote, au vijana wakiwa kambini mwaka wa tohara, mchochezi hubaki peke yake jukwaani.

Kazi ya Makumbusho ya Kitale

Kitale ina bahati ambayo miji mingi ya Kenya haina. Mlowezi mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, alikusanya wadudu, ndege, vitabu na vifaa vya jamii za eneo hilo, na mwaka 1926 akaanzisha makumbusho yaliyobeba jina lake. Alipofariki mwaka 1966, aliliachia taifa mkusanyiko wake. Jumba jipya lilifunguliwa mwaka 1974, likiwa la kwanza miongoni mwa makumbusho ya kitaifa ya mikoani katika sehemu za bara za Kenya.

Mkusanyiko wa aina hiyo una walakini wake. Uliteuliwa na mgeni, kwa macho ya mgeni, katika nyakati ambazo wenyeji hawakuwa na sauti. Hata hivyo uliokoa vitu ambavyo vingeoza au kuuzwa. Baadaye katika uwanja wa makumbusho zilijengwa nyumba za kiasili za jamii kadhaa za magharibi, zikikaribiana kama majirani. Mwanafunzi wa Kisabaot aweza kuingia katika nyumba ya Kiluhya na kuona jinsi moto ulivyowekwa, mahali pa mifugo na mahali pa wageni, kisha akavuka ua na kuiona ya kwao.

Mjini humo humo palianzishwa pia makumbusho ya kibinafsi, Treasures of Africa, yaliyokusanya hasa vifaa vya Wakaramoja. Mwenye mkusanyiko huo alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni nchini Uganda. Vifaa vya watu walioishi katika eneo lililosambaratishwa na bunduki vikapata makao upande wa pili wa mpaka.

Faida ya makumbusho wakati wa siasa kali ni kwamba ni uwanja usio wa kabila moja. Lakini uwanja huo hubaki hivyo tu iwapo wenyeji wote hujiona humo. Ndiyo sababu swali la Kipsongo ni zito: je, mtoto wa mtaa huo, aliyezaliwa katika akai ya plastiki, hupata fursa ya kuingia makumbusho na kuambiwa kwamba mamake ni fundi wa ujenzi wenye historia ndefu?

Sheria zasemaje?

Kwa maandishi, Kenya haikosi sheria. Kifungu cha 11 cha Katiba ya mwaka 2010 chautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 humruhusu waziri kutangaza mahali pa kihistoria katika Gazeti Rasmi la serikali ili palindwe, na huzuia kusafirisha vitu vya kale nje ya nchi bila kibali. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi huzitaka serikali za kaunti ziweke daftari la maarifa na sanaa za jamii zao. Nayo Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti makumbusho na shughuli za utamaduni za ngazi yao, huku mahali pa kihistoria penye umuhimu wa kitaifa pakibaki mikononi mwa serikali kuu.

Pengo lipo katika namna ghasia zetu zilivyo. Mkataba wa Hague wa mwaka 1954, uliozaliwa na uharibifu wa Vita vya Pili vya Dunia, huyaagiza majeshi yasishambulie mali ya utamaduni wakati wa vita. Lakini ghasia za uchaguzi kwa kawaida hazihesabiwi kuwa vita. Wanaochoma nyumba si jeshi lenye kamanda, na nyumba inayochomwa si mnara wenye alama ya ulinzi.

Pengo la pili ni kuutenga utamaduni na ardhi. Mei 26, 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek kwa kuwafukuza katika msitu wa Mau. Miongoni mwa haki zilizotajwa ni haki ya utamaduni na ya dini, kwa kuwa ibada, asali, dawa na makaburi yao vyote vimo msituni. Juni 2022 mahakama hiyo iliamuru walipwe Sh57,850,000 kwa hasara ya mali na Sh100 milioni kwa madhara ya kimaadili. Uamuzi huo una uzito pia kwa jamii za Mlima Elgon, ambako Waogiek wengine wamekuwa na mzozo wa muda mrefu na serikali kuhusu ardhi ya Chepkitale. Umethibitisha kisheria jambo ambalo wazee walilijua: kumwondoa mtu mahali pake pa ibada ni kuiondoa ibada yenyewe.

Waliojenga upya

Nchi nyingine zimepata mafunzo ya aina hiyo kwa machungu. Mwaka 2012 wanamgambo walioteka Timbuktu, nchini Mali, walibomoa makaburi ya mawalii yaliyojengwa kwa udongo. Wenyeji walisafirisha kwa siri maelfu ya hati za kale hadi Bamako, zikiwa ndani ya masanduku, kwa magari na mashua. Makaburi yenyewe yalijengwa upya, na kazi hiyo ikakamilika mwaka 2015, kwa kuwa mafundi wa mji huo bado walijua kufinyanga na kukandika udongo kama babu zao. Mwaka 2016 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Ahmad al-Faqi al-Mahdi kifungo cha miaka 9 kwa uharibifu huo.

Nchini Uganda, makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi yaliteketea usiku wa Machi 16, 2010, na moto huo ukazidisha mvutano kati ya ufalme na serikali. Nyumba hiyo kuu ya nyasi ilijengwa upya na mwaka 2023 UNESCO ikaiondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Iliwezekana kwa sababu waezekaji wa jadi walikuwa hai na walikuwa wamewafunza vijana.

Nchini Sudan mambo yamekuwa mabaya zaidi. Tangu vita vilipozuka Aprili 2023, Makumbusho ya Kitaifa mjini Khartoum yameporwa vitu vya maelfu ya miaka. Huko hata orodha za vitu vilivyokuwemo zimekuwa silaha muhimu, kwa kuwa kitu kisichoorodheshwa hakiwezi kudaiwa kinapoibuka sokoni ughaibuni.

Yanayoweza kufanywa kabla ya moto

Mafunzo hayo yanarudi Kitale na Bungoma yakiwa na maana dhahiri. Kinga hufanywa wakati wa amani, na hatua zake nyingi hazihitaji fedha nyingi.

Ya kwanza ni kuorodhesha. Kila kifaa hupigwa picha, hupimwa, na huandikwa jina lake kwa lugha ya wenyewe, kazi yake na mwenye nacho. Nakala huwekwa katika mahali patatu tofauti, mojawapo ikiwa nje ya kaunti. Mahali kama Chetambe na mapango ya Mlima Elgon, yakiwemo Kitum na Makingeny, huchorewa mipaka na kuandikiwa historia inayotaja jamii zote zinazohusika.

Ya pili ni kurekodi wazee kwa idhini yao. Simu ya mkononi yatosha kunasa sauti ya msemaji wa kumuse au mpigaji wa litungu. Hata hivyo kuna mambo ya jandoni na ya ibada yasiyotakiwa kusikiwa na kila mtu, na jamii yenyewe ndiyo iseme kipi kiwekwe wazi na kipi kifungiwe.

Ya tatu ni kuhesabu utamaduni katika misaada na fidia. Kambi ya wakimbizi inaweza kutengewa mahali pa wazee kukaa na watoto jioni. Fomu za hasara zinaweza kuwa na mstari wa vitu vya jadi. Hayo hayazuii unga wala mablanketi.

Ya nne ni kuwafunza warithi. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, iliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa kuwa vijana walikuwa wakipungua. Orodha hiyo huvuta macho ya ulimwengu, lakini ngoma huokolewa na kijana anayeijifunza.

Baada ya kaunti kuundwa mwaka 2013, Turkana ilianzisha tamasha la kila mwaka liitwalo Tobong'u Lore, maana yake "rudini nyumbani". Ni wito wenye heshima kwa wale waliotawanyika. Lakini kwa wengi waliozaliwa Kipsongo, nyumbani ni Kitale. Kwao kurudi kunaweza kuwa kitu kingine: kujua kama wao ni Mawe au Chui, kuisikia lugha ya nyanya ikisemwa bila aibu, na kuona kwamba fito zilizopindwa na mama mzazi zina jina na asili.

Wahenga walisema kwamba mwacha mila ni mtumwa. Watu wa Kipsongo hawakuiacha mila yao. Walinyang'anywa mifugo, ardhi na amani ambavyo mila hiyo ilivitegemea. Kabla ya uchaguzi mwingine kuleta tena wachochezi katika miteremko ya Mlima Elgon, wangali wapo wazee wanaojua kisa cha Mango na majina ya marika ya pande zote mbili. Kazi iliyopo ni kuwasikiliza wakiwa bado hai na wakiwa bado kwao.